Ngumi ya Pili

Kwa maelezo ya Lalla Zhor, jirani anayekaanga maandazi ya sfenji karibu na ukuta wa mawe unaoingia baharini pale Mehdia, Touria alimshika Wafae nywele, akamzamisha mara tatu, kisha akambamiza kwenye jabali huku anacheka. "Kwa macho yangu haya mawili!" anaapa, na msikilizaji akiagiza sfenji nyingine, zile mara tatu zinakuwa nne.

Lalla Zhor alikuwa mbali na maji, upepo unamtia mchanga machoni. Ila damu ilikuwepo, na nywele kweli zilishikwa.

Fainali ya wanawake ya kupanda mawimbi ilianza saa nne asubuhi, bahari ikiwa na adabu zake. Upepo ulivuma kutoka bara, mawimbi yakawa kimo cha mtu, yanavunjika polepole kwenye fungu la mchanga. Walikuwa wawili tu majini, kila mmoja kalala kifudifudi juu ya ubao wake, mapezi miguuni, kamba ya ubao imefungwa mkononi. Muda dakika thelathini. Kwa kila mmoja yanahesabiwa mawimbi mawili aliyoyapanda vizuri zaidi. Mshindi anaingia timu ya taifa, na nafasi ni moja. Touria alikuwa ameikosa miaka mitatu mfululizo.

Wafae, aliyekua na Touria uchochoro mmoja, hakuchelewa. Alipanda wimbi la kwanza akapinduka nalo hewani, watu ufukweni wakapiga mbinja. Akapanda la pili. Touria bado yuko palepale, anatazama.

"We Touria! Unangoja wimbi au unangoja mchumba?" Wafae akamtania.

"Mchumba gani anifuate huku na pua inanitoka kamasi? Panda tu, dada, nakuona."

Alichokuwa anakitazama ni mto, unaomwagika baharini kando ya ule ukuta. Siku ya bamvua, bahari ikishayasukuma maji ya kahawia ya mtoni mpaka usawa wa taa ya ukutani, fungu la mchanga linakuwa limekufa; wimbi linahamia kwenye mawe. Wafae alilijua hilo tangu utotoni, lakini aliyeshangiliwa mahali ni vigumu kupahama.

Maji ya kahawia yalipofika kwenye taa, Touria alikata maji kwa nguvu kuelekea ukutani. Papo hapo upepo ukageuka, ukaja wa baharini. Mawimbi yakainuka maradufu, meusi, yanaanguka kwa kishindo mpaka mawe yanatikisika. Touria akapanda moja, likamfunika, likamtema upande wa pili akiwa hai na ngozi ya kiwiko imebaki kwenye jabali. Alama tisa kwa kumi. Kipaza sauti kikatangaza kwamba wimbi moja tu la kawaida linamtosha kushinda.

Bendera ya njano ikapanda: zimebaki dakika tano. Ndipo Wafae alipokuja mbio, anahema.

"Niachie hili, Touria!"

"Mimi ndiye niko karibu na linapovunjikia. Ni langu."

Na kwa sheria lilikuwa la Touria. Alishalishika, ubao umeanza kuteleza, mkono ukavutwa nyuma ghafla mpaka bega likalia. Wafae alikuwa ameishika kamba ya ubao wa Touria. Wimbi likawamwaga wote wawili.

Chini ya maji kulikuwa na giza na mchanga. Kamba imejizungusha kwenye ngumi ya Wafae, ubao unaburutwa, Touria anaburutwa nao. Akapiga ngumi. Ikampata Wafae shingoni, kamba ikalegea. Wakaibuka pamoja. Wafae alikuwa amefungua mdomo, anatafuta pumzi tu, mikono yote mitupu. Touria aliiona ile mikono. Akampiga tena, kwa miaka yote mitatu, katikati ya uso.

Wimbi lililofuata likambeba Wafae na kumpiga ukutani. Touria alisikia taya likivunjika. Akamfuata, akamkosa, akamshika nywele, akamvuta mpaka nje huku wote wanatapika maji.

Kwenye mchanga Mounir, kaka yake Wafae, hakuuliza kitu. Alimpiga Touria teke la mbavu, akamrudia la pili, watu wakamshika, akamng'ata mmojawao. "Muuaji! Umekula kwetu, umelala kwetu!"

Mwamuzi mkuu, mzee aitwaye Si Larbi, akashuka kutoka mnara wa waamuzi, karatasi zimelowa.

"Sisi tumeona povu, binti yangu. Halafu tumeona ngumi. Alikuanza?"

"Alinivuta kamba."

"Nani shahidi?"

Touria akageuka kumtazama Wafae.

"Basi aseme mwenyewe. Asiposema, nafasi ni yake, na wewe hushindani tena miaka miwili."

Wafae alikuwa kwenye machela, taulo jekundu mdomoni, macho wazi. Touria akajikokota mpaka hapo, mkono mmoja unaning'inia.

"Wafae. Ngumi ya kwanza ilikuwa ya kamba, unajua. Ya pili haikuwa na haki, nitaisema mwenyewe mbele ya kaka yako. Lakini kamba iseme wewe."

Wafae alimtazama. Wabebaji wakainama kushika vishikio. Si Larbi alikuwa amesimama karibu, kalamu mkononi, anangoja.

Touria akautia mkono wake ndani ya kiganja cha Wafae, kilichochubuliwa na kamba.

"Najua huwezi kusema. Nifinye tu, dada yangu. Nifinye mara moja, aone."