Kilo za Fundi

Mkuu wa hospitali aliponiita niwafundishe wauguzi wa wodi ya moyo, nilimwambia wazi kwamba sitaki mabango ya ukutani wala chai ya mapumziko. Nilitaka kitu kimoja tu: wagonjwa wetu waache kurudi. Tulikuwa tunawaruhusu wakitembea, wanarudi wamebebwa, halafu sisi tunawalaumu kwa ukaidi.

"Dada, tunawaeleza mpaka koo linakauka," alisema muuguzi tuliyemwita Bi Haraka, maana mikono yake ilikuwa myepesi na mdomo mwepesi zaidi. "Mwisho nawauliza, umeelewa? Wanasema ndiyo. Sasa tuwafuate majumbani?"

"Swali hilo ndilo ninalolipiga marufuku," nilimjibu. "Utafiti umeshaonyesha. Mgonjwa akikueleza kwa maneno yake mwenyewe, hapo ndipo utajua kilichomwingia. Kuanzia leo hatoki mtu hapa kabla hajakufundisha wewe ulichomfundisha."

Waliguna. Mmoja akasema yeye si mwalimu wa chekechea. Nilijikaza, nikawaongoza mpaka kitanda cha dirishani.

Hapo alilala Fundi, mshona nguo mwenye mzaha usioisha. Alikuwa amelazwa mara ya tatu kwa moyo uleule uliochoka, miguu imevimba, pumzi za kuhesabu. Daktari alikuwa ameshaninong'oneza kwamba akirudi tena katika hali hii, huenda asitoke. Aliyemruhusu mara ya mwisho ni Bi Haraka, aliyempenda Fundi kama baba yake mdogo.

"Fundi, nyumbani ulikuwa unafanya nini kila asubuhi?" nilimuuliza.

"Napima uzito, Sista, kama binti huyu alivyonielekeza. Sijawahi kuruka hata siku moja."

Bi Haraka alinitazama kwa ushindi.

"Na uzito ulikuwaje?"

"Namshukuru Mungu, ulikuwa unapanda tu! Mke wangu akaita mpaka majirani waje waone nilivyonawiri. Tukasema dawa imemkubali mtu."

Hakuna aliyecheka. Mkewe, aliyekaa kando ya kitanda, alituangalia mmoja mmoja. "Kwani si vizuri mtu akinenepa baada ya kuugua?"

Bi Haraka alishika chuma cha kitanda. Alikuwa amemwambia apime, ila hakumwambia anatafuta nini.

"Mama, ule haukuwa unene. Yalikuwa maji," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea taratibu. "Moyo ukichoka kusukuma, maji yanabaki mwilini, na mizani inayaona kabla ya miguu. Haya, nieleze mimi. Akipanda kilo mbili ndani ya siku chache, utafanyaje?"

"Nitampikia chakula laini."

Bi Haraka akaanza upya. Jibu la pili nalo likakosea, akarudia tena, mpaka mama akasema bila kusaidiwa, "Namleta hapa kabla hajavimba. Akikataa, namburuta."

Fundi aliruhusiwa, wiki zikapita. Tulifundishana kwenye kila kitanda, na aliyeteleza akauliza "umeelewa?" alizomewa na wenzake. Nilifurahi, lakini kila mlango wa wodi ulipofunguliwa kwa kishindo, nilikuwa namwona Fundi juu ya machela.

Asubuhi moja ukafunguliwa polepole. Fundi aliingia kwa miguu yake, viatu vimefungwa kamba vizuri, mkewe nyuma yake kama askari.

Bi Haraka aliangusha trei. "Umerudi tena!"

"Sijaja kulala mie," alisema Fundi. "Nimepanda kilo mbili tangu juzi, na huyu mama kanifukuza nyumbani. Eti sitakiwi kunenepa kwake."

Daktari alimpima, akamwongezea kidonge cha kutoa maji, akamwambia arudi nyumbani. Kabla ya mchana alikuwa anaondoka, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia nikilia bila aibu.

Bi Haraka alimkimbilia mpaka mlangoni. "Fundi, usinenepe!" alipaza sauti, na wodi nzima ikaitikia, "Usinenepe!"