Picha Iliyotoka Ukumbini

Bakhita alileta picha arubaini na moja, na Bi Sayyida akazitandaza zote juu ya meza kama karata. Kisha akaanza kuzilaza kifudifudi, moja baada ya moja.

"Hii na hii ni picha moja. Na hii. Shingo umeilaza vilevile, tabasamu lilelile. Hapa namuona aliyekupamba, wewe sikuoni." Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa mkufu, na ofisi yake ya wanamitindo ilikuwa mtaa wa Ruwi, ghorofa ya tatu, juu ya benki. "Nani kakwambia wingi ndio nguvu?"

"Hakuna, Bi Sayyida. Nilidhani tu."

"Basi usidhani. Jalada la anayeanza ni picha nane, na kila moja iwe na jambo ambalo nyingine haina. Uso usio na rangi. Umbo zima. Ubavu. Mikono. Mwendo. Mteja akizimaliza awe anajua atakuvisha nini."

Picha tano tu ndizo zilizobaki zikitazama juu. Nne zilikuwa za kawaida, na Bakhita alilijua hilo. Ya tano ilimuonesha akitembea, ndani ya gauni la zambarau na mtandio wake, ameitwa kwa nyuma na kugeuka katikati ya hatua. Uso ulikuwa umeshafika kwa aliyeita, kitambaa bado kinakwenda kule alikokuwa akienda.

Bi Sayyida alivaa miwani. "Hii ndiyo itakayofungua jalada." Aliipiga picha kwa simu yake papo hapo. "Kuna duka la mabuibui linachagua nyuso tatu Alhamisi, za tangazo la mwaka mzima. Wawili wanawajua tangu zamani. Nafasi ni moja. Niletee hii kwa ukubwa wake halisi, na nyingine za kujazia."

Bakhita alisema sawa. Hakusema ilipigwa wapi.

Ilipigwa katika harusi ya kaka yake Jaifar, upande wa wanawake. Mlangoni mwa ukumbi palikuwa na mama mmoja na karatasi ya vibandiko, akibandika kimoja juu ya kamera ya kila simu iliyoingia, na wageni walimpa simu zao bila kuulizwa, kama watu wanaovua viatu. Mpiga picha alikuwa mmoja, mwanamke, aliyekodiwa na familia, naye ni Aya. Picha zake hurudi nyumbani kwa wenye shughuli na hapo hukaa. Kwa sababu hiyo wanawake walivua mabuibui, wakaachia nywele, wakacheza. Dakika ile Bakhita alipogeuka, ilikuwa imetangazwa kwamba bwana harusi anaingia, na yeye alikuwa wa kwanza kujitanda.

Yote hayo aliyajua. Ndiyo maana aliikata picha. Kushoto aliwaondoa binamu wawili, kulia akaufuta mkono wa mtu. Bakhita alikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani katika wizara moja pale Al Khuwair, na kazi yake ilikuwa kukagua barua kabla hazijatiwa sahihi. Aliikuza picha mara nne akaipitia pembe kwa pembe, hadi mng'aro wa bangili. Hakubaki mtu ila yeye.

Jumatatu, baada ya magharibi, alimpelekea shangazi yake Mahfudha picha azione. Ilikuwa haki yake: ndiye aliyekaa na baba yake Bakhita jioni tatu mfululizo mpaka akakubali binti yake awe mwanamitindo, kwa sharti la stara na la kutofichwa kitu.

Shangazi aliiangalia ile picha muda mrefu. "Mashaallah. Hii ndo picha, mwanangu. Zile nyengine umesimama kama unangoja pasipoti." Kisha akaisogeza karibu na macho. "Lakini hii nguo ya harusi ya Jaifar hii."

"Ndiyo, lakini nimewatoa wote, shangazi. Tazama, hata kidole cha mtu hakimo."

"Watu umewatoa. Na kitambaa?"

Shangazi aliligusa ua la gauni pichani.

"Hii sare. Ua hili nimelichora mie kwa mkono wangu, nikalipeleka kwa mtiaji nakshi, na jora zima tumelikata sisi wanawake arubaini na sita. Hakuna mwengine duniani mwenye kitambaa hichi. Sasa mmoja wetu, tuseme Afra, anapita mjini, anakuona weye ukutani kwenye tangazo na sare. Unadhani atasema umependeza?"

"Atasema nini?"

"Atasema, kumbe picha zimetoka ukumbini. Yangu mie iko wapi? Na ile siku Afra alicheza, wallahi, mpaka kibanio kikaruka kikamwangukia mama mkwe wake."

Bakhita alicheka bila kutaka. "Nitabadilisha rangi."

"Na ua?"

"Nitalifuta."

"Basi futa na harusi. We mtoto, nnakwambia jambo la kweli wanijibu kwa ujanja wa simu."

"Kwani si wewe uliyesimamia shughuli, shangazi? Ukiniruhusu wewe haitoshi?"

"Mie nakuruhusu, sina neno. Lakini ruhusa yangu ya uso wangu tu. Wale arubaini na wanne waliobaki nani atawagongea milango? Weye? Anza na wa Seeb, mpaka ufike kwa wale wa Barka, kila nyumba kahawa na halwa, Alhamisi ishapita na buibui halikuingii."

Bakhita alirudi nyumbani akiipima hoja ile. Alitafuta kosa ndani yake kwa namna ileile aliyoutafuta mkono wa mtu ndani ya picha, na hakuliona. Kibandiko cha mlangoni ni karatasi tu. Mtu angeweza kukibandua kwa ukucha. Kinachokipa nguvu ni kwamba haijawahi kutokea sababu ya kukitilia shaka. Ikitokea moja, harusi ijayo wanawake watakaa na mabuibui yao, wakiangaliana simu. Na hakuna atakayeweza kutaja hasa uso gani ulioonekana, kwa sababu hakuna. Picha ile haikumuonesha mtu mwingine, na bado ingewatoa wote nje ya ukumbi.

Asubuhi alimpigia Aya, wapige picha mpya. Aya alikuwa na chumba Wadi Kabir, juu ya safu ya magereji, ukuta mweupe na dirisha kubwa la upande wa kaskazini. Hakukuwa na pambo jingine. Jumatano, alipotoka kazini, Bakhita alinawa uso, akavaa buibui jeusi lisilo na nakshi, na wakazipiga zile zilizotakiwa: uso, umbo, ubavu, mikono. Hizo hazikuchukua saa. Mgeuko ulichukua mbili.

"Bakhita!" Aya aliita. Akageuka. Uso na kitambaa vilifika pamoja.

"Tena."

Chini mtu aligonga bati kwa nyundo, akaacha, akagonga tena.

"Siku ile hukujua kama nitakuita," Aya alisema, akiangalia kioo cha kamera. "Leo unajua. Sasa ujue, na isionekane kama unajua. Hiyo ndo kazi, bibi. Ile ya harusini ilikuwa bahati."

Walipiga thelathini na saba. Tatu zilikaribia.

Alhamisi Bakhita aliomba ruhusa ya asubuhi, akaziweka picha nane mezani kwa Bi Sayyida.

"Ile iko wapi?"

"Siwezi kuitoa. Ilipigwa upande wa wanawake, harusini. Nilikosa kutokukwambia."

Bi Sayyida alivua miwani. "Nimeshamuonesha mteja."

"Umemtumia?"

"Nimemuonesha kwenye simu yangu tu. Na ameuliza habari zako, wewe peke yako katika wasichana tisa niliomuonesha."

Bakhita alizipanga zile picha nane zikae sawa. Kisha akasema, "Naomba uifute."

"Unajua unafuta nini?"

"Najua."

Bi Sayyida aliigeuza simu Bakhita aone, akaifuta, akaifuta na mahali zinapobaki zilizofutwa. Hakumsifu. Naye Ijumaa iliyopita, katika harusi nyingine, simu yake ilibandikwa mlangoni kama ya kila mtu. Akaichukua picha ya mgeuko. "Si nzuri kama ile."

"Si nzuri."

"Unaweza kuirudia?"

"Mara moja katika kumi na mbili."

"Hebu."

Mteja alifika saa nne, mwanamke kijana mwenye sauti ndogo, na jambo la kwanza aliloliuliza lilikuwa picha ya zambarau.

"Haipo," Bi Sayyida alisema. "Yupo mwenyewe."

Bakhita alitembea kutoka kabatini hadi mlangoni, akaitwa, akageuka. Mteja alimtazama. Bakhita akarudi kabatini, akaanza upya. Mara ya tano mteja aliiweka simu yake mezani. Mara ya nane aliomba tena, na ya tisa, na ya kumi, na katika hizo moja ilikuwa sawa kabisa. Bakhita aliijua kabla hajatazama nyuso zao.

Kufikia adhuhuri duka lilikuwa limeshatoa majina mawili, yaleyale yaliyojulikana. Nafasi ya tatu iliachwa wazi hadi Jumapili saa kumi jioni, na Bakhita akaambiwa arudi na viatu bapa, atembee tena. Alishuka ngazi akihesabu siku alizobakiwa nazo, na ukuta gani nyumbani ulikuwa mrefu wa kutosha kutembea kando yake, kuitwa na kugeuka.