Upako wa Ndege ya Hiram

Mume wangu Hiram alinunua ndege jinsi watu wanavyonunua kabati: vipande ndani ya masanduku, nati na boliti kwenye mifuko ya nailoni, na kitabu cha maelezo chenye picha. Aliiunganisha mwenyewe ndani ya zizi letu hapa Bahati, chini ya mlima Menengai, na mimi nikawa nakamua ng'ombe nje kwenye mvua. Sitadanganya kwamba nilifurahi. Nilinuna msimu mzima.

Majirani waliiita chopa, yaani helikopta, naye alichoka kuwasahihisha. Chopa, alisema, injini ndiyo inayozungusha mapanga ya juu. Hii yake injini ilikaa nyuma ya kiti na kazi yake ilikuwa kuisukuma mbele tu. Mapanga ya juu yalizungushwa na upepo wa mwendo. Haiwezi kusimama hewani kama chopa. Lazima iende.

"Lakini injini ikizima, Mama Jeff, haianguki. Inashuka tu."

"Hata gunia la viazi likitoka kwa lori linashuka," nikamwambia.

Alikuwa amefunzwa kuiendesha, na alikwisha kuirusha mara kadhaa juu ya malisho yetu. Kila mara nilijifungia jikoni. Mtu mmoja tu ndiye hakumcheka, naye ni baba yake, Mzee Kihara. Mzee alishinda zizini akimshikia spana na kumwita "fundi". Tulidhani ni utani. Baadaye tukajua kwamba jina la mwanawe lilikuwa limemtoka kichwani.

Sasa, kwetu kitu kipya hakizoeleki kabla ya kuombewa. Gari, duka, hata mashine ya kusaga, lazima mchungaji afike. Jumapili moja Pasta Micah akaja na waumini, chai ikanywewa, nyimbo zikaimbwa. Upako humiminwa kichwani, kila mtu anajua hivyo. Basi Pasta akavua viatu, akapanda juu ya kiti cha ndege, akamimina chupa nzima ya mafuta ya zeituni pale juu kabisa mapanga yanapokutana. Tukasema amina kwa nguvu. Hiram alikuwa langoni akielekeza wageni mahali pa kuegesha magari, hakuona.

Siku chache baadaye Mzee Kihara akapotea.

Alitoka asubuhi baada ya uji, akamwambia jirani anamfuata ndama. Ndama mwenyewe alimpotea alipokuwa kijana wa kuchunga. Watu walimwona akishuka ndani ya kreta, lile shimo kubwa la volkano juu ya mlima. Huko chini ni mawe meusi yenye nyufa, vichaka vya leleshwa na mvuke unaotoka ardhini. Mtu anaweza kuwa karibu nawe usimwone. Tena Mzee ana kisukari. Dawa ya asubuhi alikuwa ameshameza, chakula hakubeba, na usiku ule ulikuwa wa baridi kali. Tulipiga simu kuomba helikopta, tukaambiwa tusubiri.

Kulipokucha, Kemboi, jirani yetu anayeongoza watalii Menengai, akashuka na vijana kumtafuta. Kufika adhuhuri hawakuwa wamepata hata kofia. Hiram aliweka simu mfukoni akaanza kuisukuma ndege yake kutoka zizini. Sikujifungia jikoni siku hiyo. Nilishika upande wa pili nikasukuma.

Kabla ya kuondoka, mapanga huanzishwa na kigurudumu cha mpira kinachosugua duara la chuma huko juu. Hiram aliwasha injini, akavuta mkono wa kukikaza. Kigurudumu kikazunguka wazimu. Mapanga yakatikisika kidogo yakasimama. Akajaribu tena. Akapanda, akapitisha kidole, akakinusa.

"Nani amemwaga mafuta hapa? Si mtu aseme!"

Pasta Micah alikuwa amekuja kutufariji. Akasogea mbele. "Ni mimi, ndugu. Ule ulikuwa upako."

"Pasta, hii ni kama breki! Umepaka breki mafuta!"

Nilimwambia Pasta maneno ambayo mpaka leo sijayatubu. Tulisugua kwa sabuni, tukasugua kwa petroli, tukasugua kwa msasa, lakini mpira ulikuwa umekunywa mafuta na chuma kiliteleza vilevile. Nilihisi kulia, na nikalia, huku nasugua.

"Tutayaanzisha na mikono," Hiram akasema. "Halafu nikimbie nayo polepole mpaka upepo uyashike. Ila ikiwa nzito hivi haitainuka kabla ya kufika kwenye ua wa malisho."

Akafungua tangi, akatoa petroli nyingi kwenye mtungi.

"Itakutosha kweli?" nikamuuliza.

"Kwenda na kurudi, inatosha."

Nikasimama upande mmoja, Pasta akavua koti akasimama upande wa pili. Kila panga lilipopita juu ya vichwa vyetu tulilisukuma, likarudi, tukalisukuma tena, Pasta akiomba kwa sauti na mimi nikimwambia aombe huku anasukuma. Mikono iliwaka. Hiram akapiga kelele tutoke. Akaondoka taratibu, akirukaruka kwenye malisho, mapanga yakichukua mwendo, ua ukimkaribia. Nikafumba macho. Nilipofumbua, alikuwa upande wa pili wa ua, juu ya mibuni ya jirani.

Pasta alinipeleka ukingoni mwa kreta kwa gari lake. Tulimwona Hiram mbali chini yetu, akienda huku na huku, kisha akaanza kuzunguka mahali pamoja. Alizunguka tena na tena. Nikampigia Kemboi.

"Amemwona! Fuateni mahali anazunguka!"

"Tunaona, mathe, lakini sisi tuko ng'ambo ile ingine! Hapa katikati ni mawe tupu. Mwambie asitoke hapo, akitoka tutapotea."

Nimwambie vipi? Simu yake ilikuwa mfukoni na masikio yake yamejaa injini. Wala hakuhitaji kuambiwa. Nilijua kiasi cha petroli alichobaki nacho, kwa sababu mtungi niliushika mimi mwenyewe, na nilijua wakati wa kurudi ulipopita. "Rudi," nikasema. "Hiram, rudi nyumbani." Akazunguka. Kule chini vijana wa Kemboi walikuwa vidoa vidogo vinavyosogea kwa taabu. Akazunguka tena.

Kisha mlio ukakatika.

Pasta alinishika mkono, nami nikamshika, hasira yote imeniisha. Hakukuwa na sauti yoyote Menengai nzima. Mapanga yaliendelea kuzunguka, na ndege ikashuka kama alivyoniambia siku zote, ikashuka, na huko chini hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Ikaingia nyuma ya mawe. Tukasikia vyuma.

Sikumbuki nilivyoteremka. Nakumbuka Pasta akinivuta, na viganja vyangu vikitoka damu. Tulipofika, Kemboi alikuwa amewasili muda si mrefu, anamwaga glukosi kwenye chupa ya maji. Ndege ilikuwa imelala ubavu, mapanga yamepinda. Hiram alikuwa amelazwa chini, mguu wake umevunjika, uso mweupe kwa vumbi, hai. Kichwa chake kilikuwa kwenye mapaja ya Mzee Kihara, na Mzee alikuwa amevua koti lake, lile alilolala nalo kwenye baridi, akamfunika.

"Baba," nikasema.

Mzee aliinua macho. Midomo ilimtetemeka kwa njaa, na macho hayakunijua.

"Mama, karibia polepole, ameumia," akaniambia. "Huyu kijana ameanguka kutoka juu. Ni mtoto wa watu. Mtafuteni baba yake, saa hii lazima anahangaika."

Hiram alikuwa akilia, na haukuwa mguu. Aliushika mkono wa baba yake akaukaza.

"Tumempata baba yake, Mzee," nikasema. "Yuko hapa."

Mzee Kihara akageuka nyuma, akatazama katikati ya mawe kumtafuta.