Kibiriti Yuko Wapi

Mchapaji aliniuliza kazi ya marehemu, nikamwambia dobi wa hospitali. Akaandika "mtumishi wa idara ya afya". Nikamwambia futa. Akanitazama juu ya miwani yake, akafuta, akaandika dobi. Nilikuwa sijalala siku tatu, miguu imenivimba, na sikuwa na hamu ya kubishana na mtu yeyote, sembuse mtu wa duka la kopi. Lakini mama yangu alifua shuka za hospitali miaka ishirini na sita. Sikutaka azikwe kama karani.

Mazishi yalikuwa kesho yake asubuhi. Wasifu ulitakiwa uwe tayari kabla duka halijafungwa, kopi sitini, picha yake juu. Mwandishi alikuwa mdogo wangu. Tumezaliwa wawili tu, mimi na yeye, na tangu shule ya msingi tunamwita Mheshimiwa, maana hawezi kuomba chumvi mezani bila kutoa hotuba kwanza. Alifika juzi na begi moja, karatasi mbili zimeshajaa. Mama alikuwa "nguzo", mama alikuwa "taa", mama alikuwa "chemchemi". Nilisoma mpaka chini nikimtafuta mama yangu humo ndani, sikumwona. Mstari wa mwisho ulisema: "Marehemu aliuguzwa kwa upendo na wanawe wote wawili hadi mauti yalipomfika."

"Wote wawili," nikamwambia.

"Dada, ndivyo inavyoandikwa. Ni utaratibu tu."

"Ulikuja mara ngapi?"

"Si nilikuwa napiga simu?"

Ni kweli, alikuwa anapiga. Nikanyamaza, maana ningeanza ningesema yote, na sebule ilikuwa imejaa watu waliokuja kutupa pole. Nikachukua karatasi zake nikaenda kuchapisha.

Na niseme ukweli, kinyongo changu hasa hakikuwa cha Mheshimiwa. Kilikuwa cha mama. Najua hakisemwi kitu kama hiki kabla hata ya mtu kuzikwa, lakini nimechoka kusema yanayosemwa.

Mama aliugua miaka mitatu, ugonjwa wa kusahau. Nilihamishia cherehani yangu chumbani kwake, nikawa nashona sare za shule jicho moja liko kwenye sindano na jingine kwake. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza. Yeye aliniita nesi. "Nesi, shuka hii kanyoosha nani?" "Mimi, mama." "Ina makunyanzi. Wakuhamishie jikoni, nguo huziwezi." Siku za mwanzo tulicheka. Baadaye nikawa naitikia tu.

Wengine aliwakumbuka. Kila mchana aliuliza kama Mheshimiwa ameshakula. Binti yangu, ambaye ndiye mjukuu wake wa kwanza na ambaye mama alimlea tangu ana miezi minne ili mimi nirudi kazini kiwandani, alimkumbuka kwa mikono hata jina lilipompotea. Miaka yote alimpigia pasi sare yake kila asubuhi, mkunjo umesimama, na alipougua aliendelea. Tulimwachia pasi ya baridi, anapitisha juu ya sketi, anaipuliza, anamkabidhi. "Haya, mjukuu wangu, usikae chini hovyo." Mtoto anapokea, anasema asante bibi, anaenda shule na sketi yake yenye mikunjo mia.

Mimi tu ndiye sikuulizwa. Hata siku moja. Sikuwa nataka makubwa. Nilitaka anitazame aniite jina langu, au aseme Dada kama alivyozoea kuniita tangu mdogo wangu azaliwe, au hata aseme wewe una kichwa kigumu, nijue amejua ni mimi. Alifariki Jumanne saa tatu asubuhi, mkono wake ndani ya wangu. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa "asante, nesi". Basi. Miaka mitatu, halafu asante nesi.

Kulikuwa na jambo jingine alilotusumbua nalo, nalo ni la kibiriti. Mwaka wa kwanza wa ugonjwa aliwasha jiko akabandika sufuria tupu, akaweka na taulo juu yake. Nilirudi kutoka dukani jikoni kumejaa moshi. Tangu siku hiyo vibiriti vyote nikavitia kwenye kopo la maziwa, kopo nikalipandisha juu ya kabati. Haikupita muda, mama akaanza kuulizia.

"Kibiriti yuko wapi?"

Binti yangu yuko darasa la sita, na Kiswahili ndilo somo analoringia. "Bibi, si yuko. Ni kiko. Kibiriti kiko wapi. Ngeli ya ki-vi."

"Yuko," bibi yake akasema. "Yuko wapi?"

Tulimcheka, Mungu atusamehe. Kicheko kilikuwa adimu kwenye nyumba ile. Nikasema ugonjwa umemla mpaka sarufi, yeye aliyekuwa anatukatiza tukikosea neno moja. Wakati mwingine aliongeza: "Mfunikeni basi, kuna upepo." Tukacheka zaidi, eti kibiriti kifunikwe kisipate baridi. Na kila alipouliza nilimjibu jibu lile lile, nikiwa natia uzi, nikiwa nakamua kitambaa, bila kumgeukia: "Hakuna kibiriti hapa, mama. Kimekwisha." Alikuwa anatazama mlango. Siku nyingine machozi yalimtoka. Nilimfuta, nikarudi kwenye cherehani.

Basi, pale dukani mchapaji akafika mahali pa mwaka alioanza kazi. Mheshimiwa alikuwa ameacha pengo. Mimi pia sikuujua.

"Bila mwaka haipendezi, mama," mchapaji akasema. "Kaulize. Mimi naendelea na haya mengine."

Kutoka dukani hadi nyumbani ni mitaa mitatu. Ingekuwa siku nyingine ningepiga simu, lakini simu niliiacha ikichajiwa, kwa hiyo nikajikokota. Nilijua wa kumuuliza. Mchana ule alikuwa amewasili mwenzake wa shuka, ndivyo mama alivyomwita siku zote. Shuka ya hospitali hukunjwa na watu wawili, kila mmoja ameshika ncha zake, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana tena. Hao wawili walivuta na kukutana miaka yote hiyo. Mimi nilimsikia tu kwenye maneno ya mama, maana walionana kazini tu, na alipostaafu alihamia kwa wanawe, mbali. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka pembeni ya dirisha, mwembamba, vidole vimepinda. Binti yangu alikuwa anamimina chai kwenye vikombe karibu yake.

"Shikamoo, mama. Samahani, nimeulizwa mwaka ambao marehemu alianza kazi."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama usoni muda mrefu. "Mwaka uliozaliwa wewe. Si alikuja na wewe mgongoni? Hakuwa na pa kukuacha." Halafu akanishika kidevu, kama mtu anayekagua doa. "Ati leo Kibiriti naye ana mvi."

Nikamwambia sikusikia vizuri.

"Kibiriti. Hujui?" Akatabasamu kidogo. "Tulikulaza kwenye kapu la shuka zilizotoka kwenye pasi, zenye joto. Msimamizi alikuwa hataki watoto pale ndani, lakini ulikuwa unalala, basi anajifanya hakuoni. Shida ni ukiamka. Ukiguswa tu, umewaka. Jengo zima linasikia. Tukakupa hilo jina. Mama yako kila akimaliza rundo moja anapaza sauti, maana mvuke mwingi, haoni: Kibiriti yuko wapi? Mtu anamjibu, yupo, amelala. Naye anasema, mfunikeni basi, kuna upepo, maana lile kapu lilikaa karibu na mlango."

"Mimi sijawahi kuitwa hivyo."

"Utakumbuka wapi? Ulikuwa huna hata miaka mitatu. Alipojifungua mdogo wako alikuja kazini akatuambia, kuanzia leo huyu ni Dada, asiitwe Kibiriti tena, wadogo zake watakosa kumheshimu. Tukaacha. Nadhani moyoni mwake hakuacha."

Binti yangu alikuwa ameinua birika. Akalirudisha chini taratibu.

"Mama," akaniambia, "ndiyo maana alikuwa anasema yuko."

Nilikaa palepale sakafuni na viatu vyangu. Miaka mitatu nimemlalamikia mama moyoni kwamba amenisahau mimi peke yangu, na yeye kila siku ya Mungu anauliza niko wapi. Na mimi ninayeulizwa ndiye ninayemjibu: hakuna. Amekwisha. Namwona bado anavyotazama ule mlango. Roho iliniuma mpaka nikashindwa kulia.

"Alikuwa anakuulizia?" mwenzake wa shuka akauliza.

"Kila siku."

"Na wewe ukasemaje?"

Nikamwambia nilichokuwa nasema. Nilimwambia chote, na nilivyocheka. Akasugua vile vidole vyake vilivyopinda. Hakuniambia usijali, na ninamshukuru kwa hilo.

"Kuna upepo, mfunikeni," akasema mwishowe. "Hilo pia alikuwa anasema?"

"Alikuwa anasema."

"Akisema hivyo, nani alikuwa anamfunika yeye?"

"Mimi."

"Haya," akasema, akanipa kikombe cha chai. "Kunywa, uende. Duka litafungwa."

Sikuinywa yote. Nilipotoka nilimkuta Mheshimiwa kibarazani anapanga viti, jasho linamtiririka, tai bado iko shingoni. Akaniuliza kama wasifu umetoka. Nikamwambia bado, na kwamba nitaugusa kidogo. Nilijiandaa kwa hotuba. Akanitazama, sijui aliona nini usoni kwangu, akasema, "Uguse tu, Dada. Wewe ndiye uliyekuwepo." Halafu akarudi kwenye viti vyake. Mdogo wangu ana maneno mengi, na siku zote alikuwa nayo hayo machache, ila hajui kuyatanguliza.

Mchapaji alikuwa ameshamaliza, karatasi ya mfano iko kwenye meza. Nikampa mwaka. Nikamwambia nguzo ibaki, taa atoe, chemchemi atoe, aandike kwamba alikunja shuka na mwenzake miaka ishirini na sita na kwamba sare za mjukuu wake hazikuwahi kwenda shule bila pasi. Aliandika bila kuuliza. Alikwisha kuzoea hasira zangu. Tukafika mstari wa mwisho.

"Huo wa wanawe wote wawili, futa."

Akafuta. "Niweke nini?"

"Weka hivi: Mheshimiwa alimpigia simu kila Jumapili. Kibiriti ndiye aliyemuuguza."

Vidole vyake vikasimama, vikaendelea. Akanigeuzia kioo nihakiki. Nikavaa miwani. Ilikuwa imeandikwa: kibiriti ndicho kilichomuuguza.

"Umebadilisha," nikamwambia.

"Nimekurekebishia, mama. Ulikosea kidogo, ni uchovu. Kibiriti ni ki-vi." Akasema kwa upole kabisa, kama binti yangu alivyokuwa akimwambia bibi yake. "Watu wazima watasoma hii kesho."

"Najua. Rudisha nilivyosema."

"Ndiye?"

"Ndiye," nikamwambia. "Na uanze na herufi kubwa. Huyo ni mtoto wake."