Jumatano ya Mnajimu

Mtoto wangu alikaa kitako tumboni kama mgeni aliyeletewa chai, kichwa chini ya mbavu zangu, na nusu ya mji wa Dindigul ikajua kosa ni la nani. La Ponni, yaani mimi. Eti nilijigeuza kitandani bila kuinuka kwanza nikaketi, ndiyo maana na mtoto kageuka. Eti nilikula papai. Jirani mmoja akasema ni kwa sababu nilikwenda karakana ya kufuli na tumbo langu, kupiga tupa funguo pamoja na wanaume. Nikamwambia basi mtoto atazaliwa na tupa mkononi, yeye achunge pua yake.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefanyiwa sherehe ya bangili. Wanawake walinivika bangili za kioo, nyekundu na kijani, mpaka karibu na viwiko, ili mtoto asikie mlio wake na ajue anangojewa. Hazivuliwi mpaka umejifungua, na zikivuliwa hupewa mwanamke aliyekusaidia. Kila mwanamke alinivika, isipokuwa mama mkwe wangu. Kwetu mama mkwe tunamwita shangazi, na Shangazi Valliammai ni mjane. Mjane hamvishi mjamzito bangili. Alisimama jikoni nyuma ya sufuria ya wali wa ndimu, akichungulia. Iliniuma, lakini siku hiyo nilinyamaza.

Yeye hakuwa mtu wa kunyamaza. Nilikuwa nimesharudi kwa mama yangu kungojea uzazi, na aliposikia kwamba huenda nikapasuliwa, alikwenda mbio kwa mnajimu, kisha akatua kwetu na mwanawe, mume wangu Elango, nyuma yake.

"Jumatano, saa tatu asubuhi," alisema hata viatu hajavua. "Nyota zimekaa vizuri. Mtoto atakuwa mkuu wa wilaya."

"Daktari Rehana kasema Jumatano ni mapema mno, Shangazi. Mapafu yake hayajakomaa."

"Nimepata kliniki nyingine, wale hawana maneno mengi. Kama ni kupasuliwa, si utapasuliwa tu? Kwa nini usipasuliwe saa nzuri?"

"Kwa sababu hili si embe la kuvundikwa."

"Mnausikia ulimi huo? Elango, sema na mkeo!"

Elango alikuwa akitafuta kitu mfukoni, na tangu nimjue hajawahi kukipata. "Mama, labda..." alisema, na labda yake ikaishia hapo.

"Ijumaa Daktari atajaribu kumgeuza kwa mikono, juu ya tumbo," nikasema. "Akigeuka, sipasuliwi. Asipogeuka, tunangoja akomae."

"Ijumaa saa ngapi?"

"Saa tano."

Shangazi akajishika kichwa. Ijumaa saa tano ni saa ya Rahu, wakati mbaya, ambao kwetu hata muuza karanga hafungui gunia.

"Unataka kuniulia mjukuu!"

Neno lile lilinichoma. Kwani mimi sikuwa naogopa? Kila nilipogusa kile kichwa kigumu chini ya mbavu, niliogopa. Lakini kuogopa ni jambo moja, na kumtoa mtoto kabla hajaweza kuvuta pumzi, kwa sababu mzee fulani amehesabu nyota, ni jambo jingine. Niliapa sitatolewa nje Jumatano.

Jumatano bajaji ilikuwa mlangoni kabla jua halijakaa sawa. Nikaingia chumbani, nikafunga komeo kwa ndani, nikatia kufuli niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Ufunguo nikautumbukiza kifuani.

"Elango! Vunja!" Shangazi alipiga kelele.

Nikamsikia mume wangu akicheka, mara ya kwanza wiki ile. "Mama, hiyo ni kazi ya Ponni. Utavunjika mlango, kufuli ibaki inaning'inia."

Saa tatu ikapita nikiwa nakula wali wa ukwaju niliojiwekea tangu usiku. Dereva wa bajaji alichoka kungoja, akaenda zake.

Ijumaa Shangazi alisimama kizingitini. "Ukivuka hapa saa hii, mimi simo."

Nikavuka. Nilipofika kwenye bajaji nikamkuta keshaingia kwa upande wa pili, amekumbatia kikapu cha maji na taulo, uso kaugeuzia nje.

"Si umesema humo?"

"Nimesema simo. Sikusema siji."

Daktari Rehana alinipaka mafuta, akaweka viganja viwili, kimoja kichwani kwa mtoto na kimoja makalioni, akaanza kusukuma. Iliniuma, sitasema uongo. Nikanyoosha mkono.

"Shangazi, nishike hapa. Zitikise bangili huku chini, asikie njia."

Akarudi nyuma. "Mikono yangu haifai. Unajua."

"Mikono hiyo ndiyo iliyomlea baba yake. Nishike, naumia!"

Akanishika. Kwanza kwa vidole viwili, kama anayegusa chungu cha moto, kisha kwa nguvu zake zote. Akazitikisa bangili karibu na paja langu, huku akimbembeleza mtoto ashuke, aache deko, bibi yake yuko hapa. Mtoto akasogea, akafika ubavuni, nikaliona tumbo zima limekwenda upande. Kisha akateleza, akarudi kukaa kitako palepale.

Daktari akaondoa mikono. "Moyo wake unapiga vizuri. Ila hataki."

Nikamngoja Shangazi aseme alinionya. Akanifuta jasho kwa ncha ya sari yake.

"Kichwa kigumu kama mama yake," akasema. "Haya, akomae kwanza."

Alikomaa. Uchungu ulikuja wenyewe, Jumapili moja, nikiwa na kipande cha idli, kile kitumbua chetu cha mvuke, mkononi. Nilipasuliwa, na sioni haya kulisema. Binti yangu alitoka ametanguliza makalio kama alivyokusudia tangu mwanzo, akalia kwa mapafu yaliyojaa.

Baadaye nilizivua bangili moja moja. Mama yangu alifungua kiganja, kisha akaona ninakoelekea, akakikunja. Nikampa Shangazi.

"Una wazimu? Mjane na bangili? Watu watasema nini?"

"Watasema ulinisaidia kuzaa. Kawaida ndiyo hiyo, au nimekosea?"

Alizifunga kwenye ncha ya sari yake, akambeba mjukuu, akaenda naye dirishani. Jioni simu yake ikalia. Alikuwa mnajimu, anataka saa kamili ya kuzaliwa ili apige hesabu za nyota. Sauti ya mzee yule tuliisikia mpaka kitandani.

"Andika saa aliyotaka mwenyewe," Shangazi akasema, akakata. Na aliposhusha simu, bangili zile, sijui alizivaa saa ngapi, zikalia mkononi mwake.