AND ya Tessa

Marlys aliliona kosa wiki tatu kabla ya ile asubuhi ya baridi, akalinyamazia. Tuseme ukweli tangu mwanzo: wivu ulikuwa umemjaa.

Kwa miaka ishirini na miwili ni yeye aliyeamka saa kumi alfajiri, akatoka barazani na kipimajoto, kisha akawapigia simu madereva wa mabasi ya shule mmoja mmoja: leo twende, leo tulale. Wilaya nzima ya kaskazini mwa Minnesota ilingoja neno lake. Ndipo akaja Tessa Nygaard, miaka ishirini na sita, na jedwali lake la kompyuta. Unaingiza baridi, unaingiza theluji, fomula inajibu FUNGUA au FUNGA, na madereva na wazazi wanapata ujumbe papo hapo. Kipya kinyemi ingawa kidonda. "Huyu binti ni kichwa!" Virgil, mkuu wao, hakuchoka kusema, tena mbele ya Marlys.

Siku moja Tessa alipokwenda kula, Marlys alilifungua lile jedwali kwenye kompyuta yake mwenyewe. Katika ukurasa wa majaribio akaandika baridi nyuzi arobaini na moja chini ya sifuri, theluji hakuna. Jibu: FUNGUA. Akaichungulia fomula. Tessa alikuwa ametumia AND, yaani "na", badala ya OR, yaani "au", kwa hiyo shule ingefungwa pale tu baridi kali na theluji nyingi vikija pamoja. Na nani kule asiyejua kwamba baridi mbaya kuliko zote huja mbingu ikiwa safi? Marlys akafurahi, Mungu amsamehe.

"Acha aumbuke," akajisemea, akafuta zile namba.

Asubuhi yenyewe ilipofika, baridi kali na mbingu safi, aliwahi ofisini kutazama aibu ya mwenzake. Tessa akaingiza namba, jedwali likajibu FUNGUA, ujumbe ukaondoka. Virgil akaridhika. Hapo ndipo Marlys alipowakumbuka pacha wa familia ya Ostby, wa darasa la kwanza, ambao husubiri basi mwisho wa njia yao, mbali na nyumba. Wivu wote ulimtoka. Akairukia redio ya kuwaitia madereva.

"Rudini wote, leo hakuna shule! Duane, wewe kawachukue wale pacha uwarudishe kwao. Kanyaga mafuta, bwana wee!"

Dakika tisa zilipita. Marlys hakukaa.

"Ninao," sauti ya Duane ikasema. "Wanalia, vidole vinawauma, lakini wazima."

Virgil akapumua. "Marlys, mama, tungekuwa wapi bila wewe! Umejuaje upesi hivyo?"

"Uzoefu tu."

Ndiyo sifa aliyoililia mwaka mzima, na sasa ilimchoma.

Tessa, macho mekundu, alikuwa akipekua historia ya jedwali atafute alipokosea. Jedwali lile hutunza kila kilichoandikwa, hata kilichofutwa, pamoja na jina na tarehe. Marlys hakulijua hilo. Tessa akatulia ghafla. Akaigeuza skrini kidogo, Virgil asiione.

Nyuzi arobaini na moja chini ya sifuri. Theluji hakuna. Marlys, tarehe tisa Januari.

"AND ni kosa langu," Tessa akanong'ona. "Hizi wiki tatu ni zako."