Safari ya Kumpakata Mjukuu

Fundi cherehani alikuwa amefungua mkanda ili amwokotee jirani yake wa kiti miwani. Tangu ndege iondoke hawakuwa wamesemeshana. Yule bwana alitazama sinema zake, na fundi akawa anamuwaza mjukuu ambaye hajawahi kumpakata. Ghafla ndege ikaporomoka. Fundi akarushwa, akagonga dari, akaangukia mkono wa kiti. Chai ya moto ikamwagika, watu wakapiga mayowe.

Rubani akatua kwa dharura kwenye mji ambao haukuwa wa safari yao. Majeruhi wengine walichukuliwa na ndugu zao. Fundi akabaki wodini, mfupa wa mtulinga begani umevunjika, mkono umetundikwa kwa kitambaa, shingo imefungwa kola ngumu. Wauguzi walikuwa wema, lakini lugha yao hakuijua hata neno. Alijibu kila kitu kwa "ee", na mara mbili akajikuta amekubali sindano.

Mwanawe akapiga simu.

"Pole sana, mama. Unaendeleaje?"

"Nipo nipo tu. Njoo unichukue, baba."

"Kazini wamenikatalia ruhusa. Wakikutoa, panda ndege tu, si mbali."

"Sipandi tena. Heri nirudi nyumbani."

"Huko nako ni ndege, mama."

Fundi akacheka hadi mfupa ukamuuma. Akakata simu upesi, kicheko kisije kikageuka kilio masikioni mwa mwanawe.

Siku ya kuondoka alijifunga mkanda ukamkaba. Ndege ilipotikisika kidogo, akapapasa pembeni atafute mkono wa kushika. Kiti kilikuwa kitupu. Akalishika gauni lake mwenyewe.

Mwanawe alimpokea kwa kumkumbatia upande mmoja, kwa woga, kana kwamba atavunjika tena. Nyumbani kwa mwanawe, mjukuu alipoiona ile kola aliangua kilio, akajificha kifuani kwa mama yake.

"Atakuzoea tu, mama," mkwe akasema.

"Najua, mwanangu. Hata mimi nikijiona kwenye kioo nashtuka."

Asubuhi wote wakatoka. Mtoto akapelekwa kwa mlezi, maana bibi hakuwa na mkono wa kumbeba. Fundi akabaki na nyumba ya watu, jokofu likinguruma. Kwenye nguo zilizoanuliwa akaona kishati cha mjukuu kimelegea kifungo. Akatafuta sindano, akaibana kwa meno, akatunga uzi kwa mkono mmoja. Uzi ulimtoroka weee, mwishowe ukaingia. Akashona taratibu, kishati kikiwa kimebanwa magotini, hadi kifungo kikakaza.

Akakinyanyua kishati. Hakukuwa na wa kumwonyesha.